Harry Thuku na Haki za Wanyonge

Barabara ya Harry Thuku inapita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kila ninapowauliza wanafunzi wangu mwenye jina hilo alikuwa nani, hunijibu kwamba alipigania uhuru. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Thuku hakuanza kwa kudai bendera. Alianza kwa kuwatetea vibarua, na hasa wanawake na wasichana waliodhulumiwa mashambani.

Alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamishonari kwa miaka michache. Hakuwa malaika, ujanani alifungwa jela kwa kughushi hundi. Baadaye alipanga herufi katika gazeti la walowezi, na mwaka wa 1918 akawa karani wa simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Naamini kazi hizo mbili zilimfunza nguvu ya neno linaloandikwa na kupelekwa mbali.

Wakati huo walowezi walikuwa na kiu ya vibarua. Mwaka wa 1919, chini ya Gavana Edward Northey, serikali ilitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kazini, wakiwemo wanawake na watoto walioishi karibu na mashamba. Mimi ni mwanaisimu, na kitenzi hicho hunikera hadi leo, kwani kuhimiza kinywani mwa mkubwa kuligeuka kulazimisha. Wasichana walitolewa vijijini wakachume kahawa, na baadhi yao wakanajisiwa na wasimamizi wao. Wanaume nao walivikwa kipande shingoni, kodi ikapanda, na mwaka wa 1921 waajiri wakaamua kupunguza mishahara kwa thuluthi moja.

Mwaka huo huo Thuku na wenzake waliunda chama kilichowaunganisha wafanyakazi wa Nairobi wa makabila mbalimbali. Wahindi kadhaa, akiwemo M. A. Desai, waliwasaidia. Malalamiko yao yalipelekwa London bila kupitia kwa machifu, na kazi ya shuruti ya wanawake ilikuwa miongoni mwayo. Si ajabu basi kwamba wanawake walimwimba na kumwita kiongozi wao.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alimozuiliwa. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, akawataka wampe suruali zao. Askari walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa katika hoteli ya Norfolk wakajiunga nao. Serikali ilikiri vifo vya watu 21. Wengine walisema waliokufa ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na hakurejea kwao ila mwishoni mwa mwaka wa 1930. Alirudi akiwa mtu mwingine. Aligombana na wenzake wa zamani, akashirikiana na serikali, akawapinga Mau Mau, na kuishia kuwa mkulima mashuhuri wa kahawa hadi alipofariki mwaka wa 1970. Wapo wanaomnyima heshima kwa sababu hiyo. Mimi nasema mgeuko wa uzeeni haufuti haki aliyoidai ujanani.

Tena haki hiyo haijatimia. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inakataza dhuluma za kimapenzi kazini, lakini inamtaka mwajiri awe na sera ya maandishi dhidi yake endapo tu ana wafanyakazi 20 au zaidi. Je, nyumbani mwetu wamo wangapi? Yule tumwitaye msichana wa kazi, hata akiwa mama wa watoto watatu, aghalabu yuko peke yake, na mlango umefungwa. Hana umati wa kumlilia nje ya kituo cha polisi.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu, mnapofundisha mambo ya mwaka wa 1922, msiishie kwenye risasi. Waelezeni wanafunzi kilichowatoa wale wanawake majumbani mwao. Nanyi wanafunzi, mwulizeni anayewapikia kama ana mkataba, analala wapi, na akidhulumiwa atamwambia nani.