Károly Takács: Mlenga Shabaha na Vizuizi Vitatu

Waswahili wameupa mkono wa kulia hadhi yake katika lugha. Ndio mkono wa kulia chakula, ndio mkono wa kuume. Mwenzake ni wa kushoto, au wa kuke, na mtoto anayeutanguliza mezani hukanywa mara moja. Kwa mlenga shabaha, mkono aliouzoea ni zaidi ya hadhi. Ndio unaobeba uzito wa bastola, na kidole chake ndicho kinachoamua risasi itue wapi. Károly Takács wa Hungaria alizoea mkono wa kulia, na mkono huo ukaharibiwa na mlipuko akiwa na umri wa miaka 28. Miaka kumi baadaye alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa mkono wa kushoto. Kwa kawaida habari zake husimuliwa kama muujiza wa mkono mmoja. Hata hivyo, anayeyafuatilia maisha yake kwa makini atagundua kwamba Takács alizuiwa mara tatu: kwanza na cheo, kisha na jeraha, halafu na vita. Katika vizuizi hivyo vitatu, ni kimoja tu kilichokuwa mwilini mwake.

Takács alizaliwa tarehe 21 Januari 1910 mjini Budapest, wakati Hungaria ingali sehemu ya dola ya Austria na Hungaria. Alipokua alijiunga na jeshi, akapanda hadi kuwa sajini, na humo jeshini akajipambanua kwa ustadi wake wa bastola. Fani iliyompa jina ni ile ya kufyatua risasi kwa kasi. Katika fani hiyo, mlengaji husimama mita 25 kutoka kwa shabaha tano zilizopangwa safu moja. Huanza akiwa ameuteremsha mkono wenye silaha. Shabaha zinapogeuka kumkabili, sharti auinue mkono, alenge na kufyatua risasi moja kwa kila shabaha kabla ya muda kwisha. Katika utaratibu uliofuatwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, muda huo ni sekunde nane, halafu sita, halafu nne. Risasi ni 60 kwa jumla na alama za juu kabisa ni 600. Sekunde nne kwa shabaha tano hazimpi mtu nafasi ya kufikiri. Mkono wenyewe lazima uwe umekwisha kufundishwa.

Kufikia mwaka 1936, Takács alikuwa miongoni mwa walengaji hodari wa nchi yake, na Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifanyike Berlin. Hakuchaguliwa. Sababu haikuwa upungufu wa shabaha bali upungufu wa cheo: kanuni za wakati huo nchini Hungaria ziliwaruhusu maafisa peke yao kuiwakilisha nchi katika fani hiyo, naye alikuwa sajini tu. Inafaa kukumbuka kwamba katika Michezo hiyo hiyo Hungaria ilimpeleka Olivér Halassy, mchezaji wa polo ya majini aliyekuwa amepoteza sehemu ya mguu kwa ajali ya tramu utotoni, na timu yake ikarudi na dhahabu. Mtu aliyekatika mguu alipata nafasi kwa uwezo wake, na mtu mwenye viungo vyote akakosa nafasi kwa sababu ya alama za begani. Haki na dhuluma zilisafiri katika msafara mmoja.

Baada ya Michezo ya Berlin katazo hilo liliondolewa, na Takács akaanza kujiandaa kwa Michezo ya 1940. Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Mwaka 1938, katika mazoezi ya kijeshi, guruneti lenye hitilafu lilimlipukia mkononi. Mkono wa kulia, ule aliokuwa ameufunza kwa miaka mingi, ukaharibika kiasi cha kutoweza tena kushika bastola. Alilazwa hospitalini kwa muda wa mwezi mmoja.

Alipotoka, alianza kujizoeza kwa mkono wa kushoto, na alifanya hivyo kwa siri. Ugumu wa kazi hiyo si rahisi kuuona kwa asiyejua fani hii. Mlengaji hahamishi silaha tu kutoka kiganja kimoja hadi kingine. Namna ya kusimama hugeuka, bega jingine hubeba mzigo, jicho lililozoea kuongoza hulazimika kupatana na mkono usiolizoea, na kidole kisichojua kazi hufundishwa kuvuta kwa utulivu bila kuitikisa silaha. Hayo yote Takács aliyaanza upya, kama mwanafunzi anayejifunza kuandika kwa mara ya pili.

Masika ya mwaka 1939 alijitokeza kwenye mashindano ya ubingwa wa Hungaria. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwendea kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwatazama, naye akawaarifu kwamba amekuja kushindana. Akashindana, akawashinda. Mwaka huo huo alikuwa katika timu ya Hungaria iliyotwaa ubingwa wa dunia katika fani yake huko Uswisi. Kanuni ilikuwa imeondoka na jeraha lilikuwa limeshindwa. Ndipo kikaja kizuizi cha tatu. Michezo ya 1940, iliyokuwa ifanyike Tokyo kisha ikahamishiwa Helsinki, ilifutwa kwa sababu ya vita. Michezo ya 1944, iliyokuwa imepewa London, ikafutwa vilevile. Kwa kizuizi hiki mazoezi hayakuwa dawa. Kilichohitajika ni kungoja, na mwanamichezo hangoji bure, maana kila mwaka unaopita huondoka na kitu mwilini mwake.

Michezo iliporejea mwaka 1948 jijini London, Takács alikuwa na miaka 38. Aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Ajentina, bingwa wa dunia wa mwaka 1947. Masimulizi yanasema kwamba Díaz alimwuliza Takács amefuata nini London, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Mashindano yalifanyika Bisley, nje ya jiji. Takács alipata alama 580, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Díaz alipata 571 na Sven Lundquist wa Uswidi 569. Katika fani ambayo alama moja huweza kutenganisha dhahabu na fedha, tofauti ya alama tisa ni kubwa mno. Inasemekana kwamba katika kumpongeza, Díaz alimwambia kuwa amekwisha jifunza vya kutosha.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville kwa askari wa zamani waliopooza kwa majeraha ya uti wa mgongo. Washindani walikuwa 16. Mbegu hiyo ndiyo iliyochipuka na kuwa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, iliyoanza rasmi Rome mwaka 1960. Takács hakupitia mlango huo, kwani wakati wake haukuwapo. Alishindana na waliokamilika viungo, kwa kanuni zao na kwa alama zao.

Mwaka 1952 huko Helsinki aliitetea dhahabu yake kwa alama 579, akawa mtu wa kwanza kuitwaa mara mbili katika fani hiyo. Safari hii pengo lilikuwa alama moja tu. Aliyemfuata kwa alama 578 alikuwa kijana Mhungaria wa miaka 17, Szilárd Kun, ambaye Takács alishiriki kumfunza. Mwaka 1956 alishiriki tena Melbourne, katika Michezo ambayo Kenya, ingali koloni, ilihudhuria kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 46, akamaliza wa nane. Jeshini alipanda hadi kuwa luteni kanali, cheo kilicho juu mno ya usajini uliomfungia njia ya Berlin.

Takács alifariki tarehe 5 Januari 1976, akibakiza siku chache kutimiza miaka 66. Mwaka huo huo, jijini Toronto, ulengaji shabaha kwa bunduki uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Wale waliopiga risasi Toronto hawakuhitaji kujificha ili wafanye mazoezi, wala hakuna aliyedhani wamekuja kutazama. Kizuizi cha mwilini Takács alikishinda mwenyewe kwa jasho lake, na cha vita kilikwisha vita vilipokwisha. Lakini kile cha kwanza, kilichowekwa na watu kwa kalamu, yeye hakuwa na uwezo wa kukiondoa hata angekuwa na mikono mitatu. Kiliondolewa na watu walewale waliokiweka, baada ya kumgharimu Michezo mizima akiwa na miaka 26 na mikono yake yote miwili.