Lily Parr na milango ya uwanja

Msomaji, ukisikia Kaloleni huenda fikira zikakupeleka Kilifi. Leo naizungumzia Kaloleni ya Kisumu, mtaa wa mjini karibu na Ziwa Victoria. Nilipozuru huko nilipita kuutazama Uwanja wa Moi, uwanja mdogo wa mashabiki 5,000 hivi, ambako timu ya wanawake ya Kisumu All Starlets imekuwa ikicheza mechi za ligi. Aliyenijia akilini ni mwanamke ambaye si wa Kisumu wala wa Kenya: Lily Parr.

Lily alizaliwa mwaka 1905 mjini St Helens, Uingereza, katika familia ya kimaskini yenye watoto saba. Kandanda alijifunza na kaka zake kwenye viwanja vya mtaani. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alijiunga na Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda mjini Preston. Alikuwa mrefu, akicheza winga ya kushoto, na mkwaju wake ulihofiwa na makipa.

Wakati huo wanawake walikuwa wakiujaza uwanja. Desemba 26, 1920, timu hiyo ilicheza Goodison Park mbele ya watu 53,000, na maelfu wengine wakakosa nafasi ya kuingia. Mapato yalikwenda kuwasaidia wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu.

Mwaka mmodi baadaye, Desemba 5, 1921, chama cha soka cha Uingereza, FA, kilitangaza kwamba mchezo huo hauwafai wanawake. Angalia kilivyofanya: hakikuwanyang'anya mpira. Kiliziagiza klabu zake zisiwape viwanja. Hilo lilitosha. Umati ukapotea.

Lily hakuacha. Mwaka 1922 alikwenda na wenzake Marekani, wakacheza na timu za wanaume. Nyumbani alisomea uuguzi, akawahudumia wagonjwa wa akili katika hospitali ya Whittingham, huku akiendelea kucheza kwenye viwanja vya pembeni kwa takriban miaka 30. Inakadiriwa alifunga mabao zaidi ya 900.

Marufuku iliondolewa rasmi mwaka 1971, yeye akiwa na miaka 66. Saratani ya matiti ilimuua mwaka 1978. Heshima ilikuja akiwa kaburini: mwaka 2002 aliingizwa katika orodha ya magwiji wa soka ya Uingereza, na mwaka 2019 akasimamishiwa sanamu mjini Manchester.

Huku kwetu Pwani husikia wazee wakisema mabinti hawana haja na kandanda. Kuhusu stara, wana haki ya kuuliza, na jibu lipo: tangu 2014 FIFA inaruhusu hijabu uwanjani. Kuhusu uwezo, mabinti wa Kenya wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia mwaka 2024 na kuifunga Mexico.

Linalobaki ni uwanja. Kwa Katiba ya 2010, viwanja vya michezo vya mashinani ni jukumu la kaunti. Basi muulize mwakilishi wako wa wadi: katika ratiba ya uwanja wetu, siku ya wasichana ni ipi? Asipokuwa na jibu, fahamu kwamba marufuku iliyomkuta Lily Parr ingalipo kwenu, ila haijaandikwa.