Dk. Taha Hussein: Kipofu Aliyesoma Kilatini na Historia ya Wayunani

Taha Hussein alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji karibu na mji wa Maghagha, kusini mwa Cairo, nchini Misri. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto kumi na watatu. Angali mdogo aliumwa macho, akatibiwa na kinyozi wa kijijini, akapofuka.

Alipelekwa chuoni, akahifadhi Qur'ani yote kabla ya kutimiza miaka kumi. Kisha akaisahau! Baba yake alimtahini mbele ya wageni, mtoto akakwama, na aibu ile aliikumbuka hadi ukubwani. Akaanza upya mpaka akaihifadhi tena. Wenzetu wa hifdhi hapa Mbezi Luis wanajua uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1902 aliingia Al-Azhar. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu kipya cha Misri, na mwaka 1914 akawa wa kwanza kupata udaktari hapo. Akapelekwa Ufaransa.

Huko ndiko alikotaabika. Shahada aliyoitaka katika chuo cha Sorbonne haikupatikana bila Kilatini. Wafaransa walikuwa wamekisoma tangu shuleni. Yeye alianza akiwa mtu mzima, haoni, na akifundishwa kwa Kifaransa ambacho nacho alikuwa bado anajifunza. Katika Kilatini mwisho wa neno hubadilika kufuata kazi yake katika sentensi. Aliyesoma Ajurumiyya hatashangaa, maana i'rabu ya Kiarabu ni jambo hilo hilo. Binti wa Kifaransa, Suzanne, alimsomea vitabu kwa sauti, na mwaka 1917 wakaoana. Akafaulu Kilatini, kisha akaandika utafiti wa udaktari juu ya Ibn Khaldun.

Aliporudi mwaka 1919 alifundisha historia ya Wayunani na Waroma. Mwaka 1921 alitoa kwa Kiarabu kitabu cha Aristotle juu ya utawala wa Athens. Wayunani na Waroma waliitawala Misri karibu miaka elfu moja kabla ya Uislamu kuingia, na yeye aliona si sawa Wamisri wangojee Wazungu wawasomee habari za nchi yao wenyewe.

Hatusifu kila alichoandika. Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya mashairi ya Jahiliya kiligusa hata habari za Nabii Ibrahim na Ismail (a.s.), mashekhe wakakikataa na akashitakiwa. Kesi ilifutwa mwaka 1927, naye akakitoa upya baada ya kukirekebisha.

Mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu, akafuta ada za shule za sekondari. Alifariki Oktoba 1973 mjini Cairo.