Raffles: Karani aliyeasisi Singapore na kufa akidaiwa

JINA la Sir Stamford Raffles limetapakaa kote Singapore: lipo kwenye hoteli, shule, hospitali na hata katika mtaa wa mabenki. Hata hivyo, ukijumlisha siku zote alizokaa kisiwani humo, hazitimii mwaka mmoja.

Raffles alizaliwa Julai 6, 1781 melini, karibu na kisiwa cha Jamaica. Babake alikuwa nahodha aliyelemewa na madeni. Hivyo basi, kijana huyo alilazimika kukatiza masomo na mnamo 1795, akiwa na umri wa miaka 14, aliajiriwa karani katika Kampuni ya East India jijini London. Kampuni hiyo ilikuwa ya biashara kwa jina tu, kwani ilimiliki majeshi, mahakama na magavana, na ilitawala maeneo mapana ya India kwa manufaa ya wenye hisa wake.

Mwaka wa 1805 alipandishwa cheo na kutumwa kisiwa cha Penang. Mshahara wake uliruka kutoka pauni 70 hadi pauni 1,500 kwa mwaka. Akiwa safarini alianza kujifunza Kimalei, na ujuzi huo ndio uliomtofautisha na wenzake waliotegemea wakalimani. Alizisoma barua za masultani mwenyewe, akajua nani anagombana na nani katika kila jumba la kifalme. Silaha hiyo ilimfaa kuliko bunduki.

Lord Minto, Gavana Mkuu wa India, alivutiwa naye. Mwaka wa 1811 Waingereza walipoivamia Java, iliyokuwa chini ya Waholanzi na Wafaransa, Raffles aliachiwa kisiwa hicho chote akitawale. Alikuwa na miaka 30 pekee.

Huko ndiko sifa zake na dhambi zake zilikochipuka pamoja. Alijaribu kuondoa mtindo wa kuwalazimisha wakulima kutoa mazao kwa serikali, badala yake akaweka kodi ya ardhi. Alichunguza mahekalu ya kale, na mwaka wa 1817 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu historia ya Java. Lakini Juni 1812 majeshi ya Uingereza yalivamia kasri la Yogyakarta kwa idhini yake. Sultani Hamengkubuwono II aliondolewa kitini na kupelekwa uhamishoni Penang. Hazina yake iliporwa, na miswada ya maktaba yake ikagawanywa miongoni mwa wakubwa wa Kiingereza, Raffles akiwemo. Ni vigumu kumsifu mwanahistoria huyo bila kuuliza alikotoa baadhi ya hati zake.

Java haikuleta faida iliyotarajiwa, na Kampuni ilimwondoa kabla ya kisiwa kurejeshwa kwa Waholanzi mwaka wa 1816. Mwaka uliofuata alipewa heshima ya 'Sir', kisha akatumwa Bencoolen, kituo duni katika pwani ya Sumatra. Humo alikuta zaidi ya watumwa 200 wenye asili ya Afrika, mali ya Kampuni yenyewe, akawapa uhuru wao.

Mapema mwaka wa 1819 alitia nanga Singapore, iliyokuwa na wakazi wapatao 1,000. Waholanzi walimtambua mdogo wa ukoo wa Johor kuwa sultani. Raffles, aliyeufahamu mgogoro huo vyema, alimleta kaka mkubwa, Hussein, akamtawaza na kutia saini mkataba naye pamoja na Temenggong Abdul Rahman mnamo Februari 6. Sultani aliahidiwa dola 5,000 za Kihispania kwa mwaka, Temenggong 3,000. Siku iliyofuata Raffles aliondoka, akamwachia William Farquhar kazi ya kuujenga mji.

Wakubwa wake London walighadhabika kwa kuchokozewa Waholanzi. Hata hivyo, bandari isiyotoza ushuru iliwavuta wafanyabiashara kwa kasi, na kufikia 1824 wakazi walikuwa wamepita 10,000. Mwaka huo huo mkataba mpya na Wamalei uliitwaa Singapore moja kwa moja. Farquhar, aliyebeba mzigo wa miaka ya mwanzo, alikuwa tayari amefutwa na Raffles mwaka wa 1823.

Bencoolen, kwa upande wake, ilimvunja moyo. Kati ya Julai 1821 na Januari 1822 yeye na mkewe Sophia walizika watoto watatu. Walimsafirisha binti yao Ella hadi Uingereza ili kumwokoa, lakini mtoto mwingine, Flora, alifariki mwaka wa 1823.

Februari 2, 1824 familia ilipanda meli ya Fame kurudi nyumbani. Jioni hiyo hiyo meli iliteketea baharini. Watu wote waliokoka, ila masanduku zaidi ya 100 yenye miswada, michoro, ramani na mikusanyo ya viumbe yaliangamia. Kazi ya miaka mingi ilikwisha usiku mmoja.

Akiwa Uingereza aliongoza kuasisiwa kwa Chama cha Zuolojia cha London mwaka wa 1826, akawa rais wake wa kwanza. Aprili mwaka huo, Kampuni ilimtumia hesabu: ilimdai zaidi ya pauni 22,000, ikiwemo mishahara iliyodai alilipwa pasipo haki. Alifariki Julai 5, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45. Mjane wake alilipa pauni 10,000 kumaliza deni.

Alizikwa katika kanisa la Hendon bila jiwe la ukumbusho. Inasimuliwa kuwa kasisi, ambaye jamaa zake walinufaika na biashara ya watumwa, hakutaka jina lake liandikwe ukutani. Kaburi lilipatikana mwaka wa 1914. Miswada ya Yogyakarta nayo ilibaki London, na mwaka wa 2019 watu wa Yogyakarta walikabidhiwa nakala za kidijitali za 75 kati yake.