Caroline Thackeray, mwalimu wa wasichana wa Mbweni

Magofu ya Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar, wengi huyaendea kupiga picha tu. Lakini kuta zile zilikuwa shule ya bweni ya wasichana, na mwanamke aliyeiongoza kwa miaka 25 amezikwa papo hapo jirani.

Ni Caroline Thackeray, Mwingereza, ndugu wa ukoo wa mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Alifika Zanzibar mwaka 1877.

Miaka minne kabla, Sultan Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Biashara yenyewe haikuisha. Manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na ndani yake walikuwemo watoto wasio na wazazi wala njia ya kurudi kwao. Minyororo imekatwa, sawa. Sasa waende wapi?

Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa imenunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Watu wazima waliokombolewa walipewa viwanja wajenge na kulima. Wasichana waliwekwa shule ya St Mary's, na huko ndiko Thackeray alikokabidhiwa kazi.

Waliofanya vizuri darasani waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walifundishwa kushona, kupika na kufua. Uhuru huo ulikuwa na mipaka yake: dini, ratiba, hata kazi ya baadaye, vyote viliamuliwa na misheni. Ila kwa zama zile, msichana aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa kuja kusimama mbele ya darasa lake mwenyewe halikuwa jambo dogo.

Mmoja wa waliopita pale ni Lucy, mke wa Cecil Majaliwa. Cecil naye alikuwa mtumwa utotoni, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Familia yao iliishi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, ikiendeleza kazi ya misheni.

Thackeray alistaafu mwaka 1902. Angeweza kupanda meli arudi kwao, lakini hakuondoka. Aliendelea kuishi Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926, akazikwa katika kanisa la St John.

Shule ilishafungwa, jengo likauzwa, paa likaanguka. Kuta bado zimesimama, na kaburi la mwalimu halipo mbali nazo.