Ghaus Bakhsh Bizenjo: Mzee Aliyekataa Kuacha Mazungumzo

Wengi wetu tuliokulia Mombasa au Unguja tunawajua Wabulushi. Tumekaa nao mtaa mmoja, tumecheza nao mpira, na Kiswahili chao ndicho hiki hiki chetu. Babu zao walikuja kama askari wa masultani wa Oman, wengi wakitokea pwani ya Makran. Lakini ukituuliza huko Makran kwenyewe kukoje, na kwa nini kila baada ya muda tunasikia watu wanapigana na serikali, wengi tunabaki kimya. Kwa hiyo safari hii tumemchagua mtu mmoja ambaye maisha yake yanatosha kueleza ugomvi ule tangu mwanzo: Mir Ghaus Bakhsh Bizenjo, aliyefariki mwaka 1989.

Tuanze na nchi yenyewe. Wabulushi wamegawanyika katika nchi tatu: Pakistan, Iran na Afghanistan. Jimbo la Balochistan lililoko Pakistan ni zaidi ya asilimia 40 ya ardhi yote ya nchi hiyo, lakini watu wake ni wachache sana. Zamani sehemu kubwa ilikuwa chini ya Khan wa Kalat. Mwingereza alipofika aliivamia Kalat mwaka 1839 na Khan Mehrab Khan akauawa. Baadaye, mwaka 1876, wakaandikiana mkataba. Sehemu moja Waingereza waliitawala wenyewe, na Kalat ikabaki na Khan wake kwa mkataba. Hilo neno mkataba tulishike vizuri, maana ugomvi wote unazunguka hapo.

Bizenjo alizaliwa mwaka 1917 katika familia ya machifu. Alikuwa anasoma Quetta, na tetemeko kubwa la mwaka 1935 lilipoubomoa mji huo na kuua maelfu ya watu, akahamia Karachi kuendelea na masomo. Kutoka hapo akaenda chuo cha Aligarh huko India, ambako alisifika pia kwa kandanda. Kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wanaotoka kwao, huko ndiko alikokutana na siasa za kupinga ukoloni. Aliporudi akajiunga na chama cha taifa cha Kalat, chama cha vijana wasomi ambacho kiligombana na pande mbili kwa pamoja: Waingereza kwa kutawala, na machifu kwa kuwatoza watu kodi na kuwafanyisha kazi bila malipo. Yaani huyu alikuwa mtoto wa chifu aliyepinga uchifu.

Agosti 1947 ukoloni ukaisha, Pakistan ikazaliwa, na Kalat nayo ikatangaza uhuru wake. Mabaraza mawili yakaundwa, la wananchi na la machifu. Bizenjo akawa mmoja wa viongozi katika baraza la wananchi, na Desemba mwaka huo alisimama kupinga kuunganishwa na Pakistan. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kama kuwa Waislamu ndiyo sababu ya kuungana, basi na Iran na Afghanistan nazo ziungane na Pakistan. Hakutaka uadui. Alitaka urafiki na Pakistan, lakini wa watu walio sawa, si wa bwana na mtumwa. Mabaraza yote mawili yakakataa muungano. Haikusaidia kitu. Machi 1948 Kharan, Las Bela na Makran zilichukuliwa na Pakistan moja kwa moja, Kalat ikabaki imezungukwa, na tarehe 27 mwezi huo huo Khan akatia saini. Mdogo wake, Prince Abdul Karim, akachukua silaha na kuvuka hadi Afghanistan. Alirudi baada ya muda mfupi akakamatwa.

Bizenjo hakupanda milimani. Hapa ndipo palipo siri ya maisha yake. Aliona kwamba saini imeshatiwa, vita haviwezekani, na kilichobaki ni kuidai haki ndani ya Pakistan yenyewe: jimbo lenye bunge lake, lugha zake, na kauli juu ya mali yake. Kwa miaka zaidi ya 40 alidai jambo hilo hilo moja.

Mwaka 1955 serikali ikafuta majimbo yote ya upande wa magharibi na kuyafanya kuwa jimbo moja, makao makuu Lahore. Ndiyo kusema Balochistan ikapotea kwenye ramani. Gesi ilikuwa imeshagunduliwa Sui mwaka 1952, na bomba likapelekwa Karachi. Quetta, mji mkuu wa Balochistan, ilingoja gesi hiyo mpaka miaka ya 1980. Jamani, ukipikia kuni huku bomba linapita nchini kwako kwenda kwa wengine, huhitaji mtu wa kukufundisha siasa.

Oktoba 1958 Khan alikamatwa, na siku iliyofuata jeshi likatwaa nchi nzima. Mwaka huo huo Oman iliikabidhi Gwadar kwa Pakistan, bandari ambayo masultani walikuwa nayo tangu karne ya 18. Mzee mmoja, Nauroz Khan, akaingia milimani kupinga. Wabulushi wanasimulia kwamba alishuka baada ya kuapiwa kwa Kurani kwamba hatadhuriwa. Alikamatwa, mwanawe na wenzake wakanyongwa mwaka 1960, na yeye akafia jela. Ukizungumza na Mbulushi yeyote juu ya serikali, kisa hicho hakikosi. Kunyongwa kule kuliwauma, lakini kilichobaki moyoni hasa ni kile kiapo.

Bizenjo naye wakati wa utawala wa Ayub Khan alikuwa mtu wa jela, anatoka anarudi. Mara moja alifungwa kwa sababu ya noti za fedha zilizoandikwa kauli ya kutaka jimbo moja livunjwe! Lakini dai lake likashinda. Julai 1970 majimbo yalirudishwa, na Balochistan ikawa jimbo kamili kwa mara ya kwanza. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo chama chake, NAP, kikafanya vizuri. Machi 1971, wakati Pakistan ya Mashariki inakaribia kujitenga, Bizenjo alikuwa mmoja wa waliokwenda Dhaka kujaribu kusuluhisha. Ilishindikana, vita vikapiganwa, Bangladesh ikazaliwa.

Aprili 1972 Zulfikar Ali Bhutto alimteua gavana wa Balochistan, na Ataullah Mengal akawa waziri mkuu wa jimbo. Serikali yao ilifanya mambo ambayo wapinzani wao hawayataji. Walichagua Kiurdu kuwa lugha rasmi ya jimbo ili wasigombanishe makabila, na wakapitisha azimio la kutaka mfumo wa machifu ufutwe, ingawa wao wenyewe walikuwa machifu. Haikudumu hata mwaka. Februari 1973 zikakutwa silaha katika ubalozi wa Iraki mjini Islamabad. Bhutto akasema zilikuwa za waasi, akaivunja serikali ya jimbo. Silaha zile zilikuwa zinakwenda kwa nani hasa, wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Hapo mtu mwingine angesusa. Bizenjo alirudi bungeni na kuunga mkono katiba mpya ya Aprili 1973, wakati mwenzake Khair Bakhsh Marri alikataa kutia saini. Aliona katiba pungufu ni bora kuliko kukosa katiba. Malipo yake? Agosti mwaka huo huo alikamatwa pamoja na Mengal na Marri. Milimani vita vikawaka mpaka 1977, maelfu ya watu wakafa, na Shah wa Iran akaisaidia Pakistan kwa helikopta. NAP ikapigwa marufuku mwaka 1975, na Bizenjo na wenzake wakashtakiwa kwa uhaini huko Hyderabad. Kesi ikafutwa baada ya Jenerali Zia kumpindua Bhutto.

Walipotoka jela njia ziliachana. Mengal akaenda London, Marri akaishia Afghanistan. Bizenjo alibaki. Mwaka 1979 akaanzisha chama kingine, akaungana na vyama vya upinzani kumpinga Zia, na akaendelea kuhubiri kitu kile kile: madaraka ya majimbo ndani ya nchi moja. Serikali ilikuwa imeshamwita haini. Sasa na vijana wa Kibulushi wakaanza kumwona mzee laini anayebembeleza watu wasiosikia. Katika uchaguzi wa 1988 alishindwa kiti chake. Agosti 1989 akafariki, akazikwa kwao Nal.

Je, alikosea? Mwaka 2010 Pakistan ilibadili katiba na kuyapa majimbo madaraka mengi aliyoyadai maisha yake yote. Alishakufa miaka 21. Katikati hapo, mwaka 2006, Nawab Akbar Bugti aliuawa katika operesheni ya jeshi, vijana wengi wametoweka mikononi mwa vyombo vya dola, na wenye silaha nao wameua raia wasio na hatia, wakiwemo vibarua na walimu waliotoka majimbo mengine. Walio milimani leo hawazungumzii tena jimbo, wanazungumzia nchi yao wenyewe.

Watu husema chanzo cha ugomvi wa Balochistan ni umaskini, au machifu wanaoogopa maendeleo. Yapo hayo. Lakini maisha ya Bizenjo yanaonyesha kitu kingine: mabaraza yaliyokataa yakapuuzwa, kiapo kikavunjwa, serikali iliyochaguliwa ikaondolewa kabla ya mwaka. Kila mara alikuwepo mzee mmoja aliyewaambia wenzake warudi mezani wajaribu tena. Serikali ilimfunga mtu huyo huyo. Alipoondoka, hakubaki na wafuasi wa kutosha wa kuiamini meza.

Siku ukikaa tena na rafiki yako Mbulushi, muulize habari za Bizenjo. Utaona atakavyoshangaa kwamba unamjua. Mungu amrehemu.