Mhubiri Josiah Henson na shule ya Dawn



Tarehe 28 Oktoba 1830 mtumwa mmoja mtoro kutoka Kentucky alivuka maji akaingia Kanada na mkewe na watoto wanne. Ndiye Josiah Henson. Sisi tuliokuja na viza tuna sababu ya kumfahamu, maana aliishi na kuzikwa katika jimbo letu hili la Ontario.

Alizaliwa Maryland mwaka 1789. Alipokuwa Maryland, msimamizi mmoja wa shamba alimvizia, akampiga kwa gongo la ua hadi mkono na mifupa ya mabega yote mawili ikavunjika. Hakuletewa daktari, dada wa bwana wake alimfunga vibao tu. Sisi wa wodini tunajua mifupa inavyounga hivyo. Mpaka kufa, Henson hakuweza tena kuinua mikono ifike kichwani.

Alijaribu kujinunua. Walipatana dola 450, akalipa 350 taslimu, lakini hati ikaandikwa 1,000. Hakujua kusoma.

Mwaka 1830 akapelekwa New Orleans ili auzwe, pamoja na Amos, kijana wa ukoo wa mabwana zake. Usiku mmoja njiani alisimama na shoka juu ya Amos aliyelala. Akaliweka chini kwa kumcha Mungu, kwani alikuwa tayari mhubiri. Baadaye Amos akashikwa na homa kali, na Henson akamuuguza mpaka akamfikisha nyumbani akiwa hai. Shukrani hakupata. Wako watakaosema alikuwa mpole kupita kiasi. Mimi nimehudumia wagonjwa walionitukana kwa rangi yangu, na hata hivyo hili la Henson linanishinda.

Alipoona bado watamuuza, alitoroka. Mkewe alishona mfuko wenye mikanda, naye akawabeba watoto wawili wadogo mgongoni, kwa mabega yaleyale.

Huku Kanada mwanawe Tom ndiye aliyemfundisha kusoma, baba akiwa amepita miaka arobaini. Labda ndiyo sababu hakutulia mpaka shule ipatikane. Mwaka 1841 yeye na wenzake, akiwemo mmishonari Hiram Wilson, walipata ekari 200 karibu na Dresden, na 1842 wakafungua British American Institute. Wanafunzi walisoma na pia kufanya kazi za mikono. Waliotoroka utumwa walijenga makazi kuizunguka, yakaitwa Dawn. Walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na mbao zao Henson alizipeleka kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851.

Madeni na ugomvi wa uongozi viliichosha shule. Ilifungwa mwaka 1868, na fedha za ardhi yake zikasaidia kuanzisha shule nyingine ya weusi mjini Chatham, Wilberforce Educational Institute.

Henson alifariki tarehe 5 Mei 1883, na miaka 93. Kwa muda mrefu eneo hilo liliitwa kwa jina la Mjomba Tom, kutokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe. Tangu 2022 makumbusho yake yana jina lake mwenyewe. Kaburi liko hapo hapo. Kutoka Pickering ni zaidi ya saa tatu kwa gari, ukishika barabara ya 401 kuelekea Chatham.